Dakika ishirini za kimya: shajara ya mradi, Dar es Salaam

Jumamosi, 5 Aprili 2025: mahali pa kuanzia

Mwezi mzima wa Ramadhani nilikuwa na kimya bila kukitafuta. Baada ya daku na sala ya alfajiri nyumba nzima ilirudi kulala, nami nikabaki juu ya mswala karibu nusu saa, hakuna anayenihitaji. Idi ikapita, na siku mbili baadaye redio, mabeseni na bodaboda vikarudi zamu. Mradi huu ni wa kukirudisha kimya kile katika miezi ya kawaida. Ninaandika kila hatua ili mwenye hali kama yangu asirudie makosa yangu.

Hali yenyewe ni hii. Niko mwaka wa tatu chuoni, nimepanga chumba kimoja Changanyikeni na mwenzangu, tunalala dabo deka, dirisha moja linatazama uani. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka tunakula vizuri wiki tatu. Kwa hiyo gharama isizidi shilingi 5,000 kwa wiki. Lengo ni dakika 20, siku tano kwa wiki, macho yamefungwa.

Ninachofanya hakina ufundi: nahesabu pumzi moja hadi kumi, nikipotea narudi moja. Vitabuni inaitwa taamuli, darasani wanasema meditesheni, na bibi yangu kule Tanga anaita kutulia, ingawa kwake neno hilo ni amri: "Tulia!"

Vifaa: simu, programu ya bure ya kupimia kelele, na kauntabuku yenye safu tatu. Safu ya kwanza desibeli, ya pili gharama, ya tatu alama ya utulivu kuanzia 1 hadi 5. Atakayeiga upimaji ajue kwamba kipaza sauti cha simu si chombo cha maabara. Simu yangu na ya mwenzangu juu ya meza moja zilitofautiana desibeli 6. Tumia simu moja tu kulinganishia mahali na mahali, na namba zangu usizifanye sheria. Tena desibeli hazipandi kama shilingi: zikiongezeka 10, sikio husikia sauti kama imekuwa kubwa mara mbili.

Ijumaa, 11 Aprili: chumbani

Nilianza na kisicho na nauli. Saa mbili usiku chumba kilisoma 63, kwa sababu jirani wa kulia anaangalia tamthilia na wa kushoto anabishana nayo kupitia ukuta. Saa kumi na moja na nusu alfajiri kilisoma 41. Nikaamua alfajiri.

Jogoo wa mama mwenye nyumba hakuulizwa. Huyu bwana hawiki alfajiri peke yake kama majogoo wa hadithi. Anawika saa tisa, saa kumi, na kila akisikia mlango wa bati. Siku ya pili nikanunua vizibo vya masikio vya sponji duka la dawa, shilingi 2,000. Siku mbili za mwanzo niliona nimetapeliwa, kumbe nilikuwa navisukuma tu kama pamba. Namna yake ni hii: kisokote kizibo kati ya vidole mpaka kiwe chembamba, vuta sikio juu kwa mkono wa pili, kiingize, kisha kishikilie nusu dakika kikivimba humo ndani. Jogoo akasogea mtaa wa pili.

Likaja tatizo ambalo sikulitegemea. Ukiziba masikio vizuri unaanza kusikia mapigo ya moyo na mate yakishuka. Pia husikii mtu akija. Mwenzangu aliingia kutoka bafuni, akanigusa bega nimwachie njia, nikaruka mpaka kichwa kikagonga chuma cha kitanda cha juu. Alama ya utulivu siku hiyo nimeandika 0, ambayo haimo kwenye kipimo.

Umeme ulikatika mara moja wiki hii, usiku wa Jumatano. Mtaa mzima ulishuka mpaka 38 kwa dakika nne hivi: hakuna friji, hakuna runinga, hakuna feni. Nikakimbilia kukaa. Nilipofika pumzi ya saba jenereta ya baa ikawashwa, 66.

Jumatatu, 21 Aprili: Pasaka, ndala, na pagale

Mwenzangu alikwenda kwao Moshi kwa Pasaka. Siku nne chumba changu peke yangu. Nilidhani mradi umekwisha.

Ijumaa Kuu, dakika ya sita: "Hodi!" Jirani anaomba chumvi. Nikanyamaza. "Hodi jamani, si mumo humo?" Nikaitikia, nikatoa chumvi. Jumamosi, dakika ya tisa: mtoto wa mama mwenye nyumba ametumwa kuuliza kama maji nimekinga. Nikajaribu kufunga mlango kwa komeo na kuzima taa. Hodi zikaongezeka, sasa zikiwa na wasiwasi ndani yake: "Mbona hafungui, mzima kweli?"

Jumapili nikang'amua. Ndala zangu zilikuwa nje ya mlango. Nyumba ya kupanga inasoma ndala kama daftari la mahudhurio. Jumatatu nikaziingiza ndani, nikakaa dakika 20 kamili, hakuna hodi. Marekebisho haya hayana gharama, nami nayaweka juu kuliko vile vizibo vya 2,000.

Siku hizo hizo nilijaribu na nje. Nyuma ya mtaa wetu kuna pagale, ghorofa iliyosimama kwenye lenta miaka mingi, mwenyewe hajulikani. Saa kumi na mbili asubuhi ndani yake simu ilisoma 34, namba ndogo kuliko zote nilizoandika mpaka leo. Nilikaa pale dakika 20 na sikufumba macho hata mara moja. Nilikuwa nasikiliza kila jani. Mahali ambapo hakuna mtu wa kunisumbua ni mahali ambapo hakuna mtu wa kunisikia nikipiga kelele, na mwili wangu ulilijua hilo kabla ya kichwa. Ndipo likaongezeka sharti ambalo Ramadhani haikunifundisha: nisikae mahali ambapo sauti yangu haimfikii mtu. Wavulana wanaotaka kuiga mradi huu pengine watalipunguza. Wasichana, msilipunguze.

Jumapili, 27 Aprili: vichakani na baharini

Eneo la chuo lina miti mingi, na saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuna walinzi na watu wa mazoezi, hivyo sharti jipya limetimia. Nikachagua mwembe mmoja, 44. Siku ya kwanza tumbili alishuka akaondoka na maandazi yangu mawili, hasara ya 400. Siku ya pili nilikaa juu ya njia ya siafu. Masika wanahama, na hawapigi hodi. Nilifika pumzi ya nne. Siandiki zaidi, ila nilivua kilichovulika nyuma ya mwembe huku nimejifunga khanga, na siku hizi nachunguza ardhi hatua mbili kila upande kabla ya kukaa.

Siku ya tatu alikuja mlinzi, mzee wa makamo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Binti, kuna mtu kakuudhi?"

"Hapana baba, nimepumzika tu."

"Unapumzika umefumba macho, umekaa wima kama unapigwa picha ya pasipoti?"

Nikamweleza. Alisikiliza vizuri, akasema sawa, kisha akasimama mita kumi hivi kutoka kwangu mpaka nilipomaliza, ananitazama kwa huruma. Kesho yake akaleta mwenzake anione. Wote wawili waliniuliza kama nimefeli. Siwalaumu. Mtu aliyekaa peke yake chini ya mti kipindi cha matokeo kuulizwa ni jambo jema. Ila dakika 20 za kuangaliwa kwa huruma si za kutulia.

Jana, sikukuu ya Muungano, nikaenda Coco Beach alfajiri, daladala mbili kwenda na mbili kurudi, 2,400. Leo nimerudia. Mawimbi yanasoma 61 mpaka 64, sawa kabisa na runinga ya jirani, lakini ni sauti ambayo akili inaiacha ipite. Shida ikawa watu. Nilipanga kutandika mkeka mdogo nilionunua Kariakoo kwa 7,000, na huo mkeka ukawa kosa kubwa kuliko yote ya mradi. Mkeka unatangaza kwamba kuna shughuli. "Dada, mambo?" "Mrembo, mbona mpweke?" "Dada unauza nini?" "Binti, umefiwa?" Huyu wa mwisho alikuwa mama wa heshima anayetembea kwa mazoezi, akanikalia pembeni anipe pole. Nilihesabu 11 ndani ya dakika 20. Nilipokata tamaa nikala mihogo ya 1,000, na nikiwa na mhogo mkononi hakuna hata mmoja aliyenisemesha.

Usiku huu nimeketi na kauntabuku nikalinganisha safu. Alama za chini kabisa haziko kwenye desibeli kubwa. Pagale 34, alama 1. Mwembe 44, alama 1. Chumba chenye jogoo na ndala ndani, 41, alama 4. Nimechora safu ya nne: *miito*. Kila mara mtu anaponisemesha, au naposubiri kusemeshwa, ni alama moja.

Jumamosi, 10 Mei: mvua ya mabati na bustani ya Wajerumani

Wiki mbili hizi zimenipa ushahidi ambao nisingeupanga. Tarehe 2 mvua ilinikuta kwenye banda la mama ntilie, bati tupu juu, na ilipopiga simu ilisoma 78. Watu wote tuliganda, hakuna anayeweza kuongea na mwenzake. Nikafumba macho palepale kwenye benchi katikati ya watu wanane. Alama 5. Nilishtuliwa na mvua kukatika, si na mvua. Kelele nzito isiyokatika inafunika maneno, na maneno ndiyo yanayonitoa kwenye hesabu, hata kama hayanihusu. Jirani akisema "kilo mbili" ukutani, mimi nahesabu kilo.

Kwa hiyo mtu mwenye feni aiwashe, hata kama hana joto. Mwenzangu ana feni ya mezani. Nikiiweka karibu na ukuta wa tamthilia chumba kinapanda kutoka 60 hadi 65 na ninatulia vizuri zaidi. Nilijaribu pia sauti ya mvua iliyorekodiwa kwenye simu. Ilifanya kazi siku moja, ya pili tangazo likaingia katikati ya mvua.

Leo nimekwenda mjini kwenye Bustani ya Botaniki, daladala na mwendokasi, 2,700 kwenda na kurudi. Bustani hii Wajerumani waliianzisha mwaka 1893 ili kupima mazao ya biashara, chini ya Stuhlmann, mkurugenzi wao wa kwanza wa kilimo. Iliyobaki ni kipande tu, majengo yamekula mengine, ndiyo maana barabara inasikika pande zote. Miti ni mikubwa ya kutosha kumfanya mtu asahau kwamba Posta iko jirani. Kivuli, mabenchi, 55. Miito ilikuwa mitatu tu, na miwili kati yake ilikuwa ya bwana harusi aliyetaka nisogee kwenye picha. Wa tatu ulikuwa wa tausi. Asiyewahi kumsikia tausi akilia umbali wa mita tano ajue kwamba uzuri wote uliishia mkiani.

Alama 3. Kwa saa mbili za njia, hapana. Ningekuwa nafanya kazi Posta ningekwenda kila mchana.

Nilipita pia Kivukoni kupima wazo moja: pantoni ya Kigamboni, shilingi 200. Hakuna anayekusemesha kwenye pantoni, kila mtu analinda mkoba wake. Mimi pia. Nikarudi na 200 nyingine. (Hizi 400 nimeziweka kwenye safu ya matembezi, si ya mradi.)

Jumamosi, 24 Mei: nyumba za ibada

Wazo lilikuwa mbele ya macho yangu tangu mwanzo na nililikwepa kwa sababu niliona kama kudanganya. Msikiti una upande wa wanawake, zulia safi, feni, na baada ya Adhuhuri wanafunzi nusu yao wamelala na mikoba chini ya vichwa. Saa nne asubuhi, wakati wa Dhuha, hakuna mtu zaidi ya wawili watatu. Desibeli 46. Siku ya kwanza alama 5, miito hakuna. Nilijiuliza kwa nini, maana watu walipita hatua moja kutoka kwangu. Jibu ni kwamba pale mtu aliyefumba macho ana jina. Anamkumbuka Mola wake. Hakuna anayemwuliza kama amefiwa.

Siku ya pili mama mmoja alinisogelea baada ya kumaliza kuswali.

"Unavuta uradi gani, mwanangu? Nakuona huna tasbihi."

Nikaona aibu kumdanganya humo ndani. "Sivuti uradi, mama. Nahesabu pumzi tu."

Akafikiri. "Na hizo pumzi ni zako?"

"Hapana."

"Basi ukihesabu mali ya mtu, mtaje mwenyewe."

Tangu siku hiyo msikitini navuta uradi, nje nahesabu pumzi, na sichanganyi. Sijui kama mtaalamu wa meditesheni angekubali. Bibi yangu angekubali, kwa sababu ndicho anachofanya yeye kila alfajiri kwa miaka hamsini, akiwa na punje za tasbihi na kikombe cha kahawa kinachopoa.

Mwenzangu wa chumba ni Mkatoliki, akapima upande wake nikamwazima simu. Alikaa mchana wa siku ya kazi katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu, lile la Wajerumani lililojengwa kati ya 1897 na 1902 mkabala na bandari. Alileta 52, honi moja ya meli, miito sifuri. Alisema kitu kilekile: pale kwenye benchi kila mtu amefumba macho, na anayefumbua ndiye anayetazamwa.

Upanga pia kuna hekalu la Wabudha, lililoanzishwa na Wasinhala waliokuja kutoka Sri Lanka, na uani wake upo mti wa bodhi. Nilikwenda mara moja, nikaomba ruhusa, nikakaa. Pale huhitaji kueleza chochote, maana wanajua unachofanya kuliko unavyojua wewe. Alama 5. Gharama: daladala na mwendokasi 2,700, bodaboda 2,000, jumla 4,700. Hiyo ni karibu bajeti ya wiki kwa kikao kimoja, hivyo ni mahali pa kwenda bumu likitoka.

Msikiti nao una kikomo chake, na nakiandika kwa ajili ya wasichana wenzangu: kuna siku za mwezi siendi. Siku hizo mradi unahitaji mahali pengine.

Jumapili, 8 Juni: desa

Idi ya pili imepita jana. Nimeshiba, naandika polepole.

Mahali pengine palipatikana kwa bahati. Vyumba vya mihadhara hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi kwa ajili ya usafi, na vipindi huanza saa moja. Jumatatu niliingia kimoja, nikakaa safu ya nyuma, mikono juu ya mapaja, nikafumba macho. Dakika ya tatu, ndoo ikatua.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una mtihani?"

"Hapana mama, natulia kidogo kabla ya kipindi."

Mama wa usafi akanitazama mikono. "Hapa ukikaa mikono mitupu nitakuuliza kila siku. Mwanafunzi mikono mitupu ana shida. Ukiwa na desa hata sikuoni."

Nikatoa desa la takwimu kwenye mkoba, yale makaratasi ya somo yaliyotolewa kopi, nikaliweka wazi mapajani. Akaendelea kupiga deki. Dakika 17, miito sifuri.

Nilitoka pale nikakumbuka mhogo wa Coco Beach.

Jumanne nikapeleka desa kwenye vimbweta nje, yale mabenchi ya saruji ya kusomea, mahali ambapo mwezi wa nne nisingethubutu: watu wanapita, wengine wanabishana kuhusu Simba na Yanga, 62. Niliinamisha kichwa kidogo juu ya karatasi, macho nimefumba, kalamu mkononi. Kwa anayepita mimi ni mtu anayepiga msuli na swali limemshinda. Dakika 20, muito mmoja, wa kijana aliyetaka kuazima kalamu. Jumatano nikamkuta yule mlinzi wangu wa mwembe. Akanipita, akasema "Soma mwanangu, soma", akaenda zake. Nilikaa mita chache tu kutoka kwenye ule mti ambao chini yake alinihurumia siku mbili.

Maelezo kwa anayetaka kunakili. Desa liwe la karatasi. Simu haifai, mtu aliyeshika simu anasemeshwa. Liwe na michoro au hesabu, kwa sababu ukurasa wa maneno matupu unamvuta mpitaji asome naye. Kalamu iwe imefunguliwa. Kitabu cha dini kinafanya kazi pia lakini kinaleta mijadala. Usikae kimbweta cha katikati, utapata wenzako wa kujadili swali. Na usitumie desa la somo unaloliogopa: siku niliyoweka la ekonometriki nilifumba macho nikaliona lote.

Kuna kitu kinanisumbua kidogo katika njia hii, nacho ni kwamba nazuga. Nakaa kutafuta ukweli wa pumzi moja huku nimeshika uongo mapajani. Mwenzangu anasema si uongo, ni adabu. Kama vile mgeni anavyokubali chai asiyoitaka. Sijaamua. Ila zile hodi, "umefiwa?", na "kuna mtu kakuudhi?" nazo hazikuwa kelele za watu wabaya. Ni watu ambao hawawezi kumwona mtu peke yake wakampita. Nikiwa na desa nawapa ruhusa ya kunipita.

Nilimletea mama wa usafi chai na chapati, 1,000. Akauliza ni ya nini. Nikasema ya ushauri. Akasema hakumbuki kunishauri.

Jumapili, 29 Juni: hesabu

Vikao wiki hii: vitano. Wiki iliyopita: sita. Wiki mbili za kwanza za Aprili vilikuwa viwili na viwili.

Matumizi tangu mwanzo: vizibo 2,000, maandazi ya tumbili 400, mkeka 7,000, Coco Beach mara mbili pamoja na mihogo 5,800, Bustani ya Botaniki 2,700, Upanga 4,700, chai ya mama 1,000. Jumla 23,600 kwa wiki kumi na mbili. Vinavyotumika kila siku sasa ni desa, ndala zilizo ndani, na feni ya mwenzangu, ambavyo vyote nilikuwa navyo tarehe 5 Aprili. Mkeka ameuchukua mwenzangu, anaanikia dagaa.

Ratiba ninayofuata: siku tatu chumba cha mihadhara saa kumi na mbili na robo, siku mbili msikitini wakati wa Dhuha, Jumapili chumbani baada ya kuswali, kabla jogoo hajapata wazo. Zile siku nisizokwenda msikitini, kimbweta cha pembeni.

Dosari zilizobaki. Saa ya simu ikitetema juu ya meza ya mbao chumba kizima kinajua. Iweke kwenye mfuko wa sketi. Kusinzia: mara nne nimeamshwa na kipaji cha uso kugonga desa. Na kiyoyozi cha chumba kile kikiwashwa kinaguguma kwa vipindi, kinazima kinawaka, jambo baya kuliko kelele ya moja kwa moja, kwa hiyo nakaa upande wa madirisha.

Jumapili, 6 Julai: chumba kimechukuliwa

Mitihani imeanza na vyumba vyote vya mihadhara vimepangwa. Milango inafungwa mpaka msimamizi aje, na viti vimeachanishwa na kubandikwa namba. Vimbweta vimejaa usiku na mchana, watu wanapiga msuli kweli na mimi siwezi kukalia nafasi ya mtu anayeogopa kupata sapu, yaani kurudia mtihani, nikiwa nimefumba macho. Msikiti upande wetu nao umejaa wanaolala. Wiki hii vikao viwili.

Nilimwuliza mama wa usafi. Akasema kuna ngazi za mwisho kabisa za jengo lile, zinazokwenda kwenye matangi ya maji, hakuna anayepanda, na yeye yuko chini yake kuanzia saa kumi na moja na nusu, nikiita atanisikia. Nimepanda kuona. Ni safi, kuna upepo, matangi yanavuma taratibu, 51. Mlango wa juu una kufuli na ufunguo anao fundi bomba, ambaye mama anasema hupatikana Jumanne.